Kuigeuza setilaiti itazame Dunia: sumaku, mlingoti, koili, magurudumu au gesi?

Setilaiti ndogo ikitoka kwenye boksi la kurushia haitoki imetulia. Hubingirika, kamera ikaona giza, mara Jua, mara bahari, mara giza tena. Kabla ya picha ya kwanza ya maana kuna kazi tatu: kuusimamisha mbingiriko, kuitafuta Dunia ilipo, na kubaki umeitazama. Ya tatu ndiyo inayosahaulika. Setilaiti iliyo kilomita 500 juu humaliza mzunguko mmoja kwa dakika 95 hivi, na ili uso wake mmoja ubaki umeelekea chini, nayo lazima ijigeuze mara moja kamili katika muda huohuo. Ikiachwa na mkao uleule iliokuwa nao, nusu mzunguko baadaye itakuwa imeipa Dunia mgongo.

Ulinganisho huu ni kwa timu zilizokwama hapo. Tangu setilaiti 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iachiliwe kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018, wakafuata Rwanda na RWASAT-1 mwaka 2019, Uganda na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, kisha Kenya tena na Taifa-1 Aprili 2023, vijana wanaopanga setilaiti yao ya kwanza si haba katika ukanda huu. Swali la mkao, yaani setilaiti imeelekea wapi, huja mapema, na jibu lililo rahisi ni kunakili kilichofanya kazi kwa wenzetu wa Ulaya au Japani. Ninaomba tusiharakishe. Njia za bei nafuu hutegemea uga wa sumaku wa Dunia, yaani nguvu ya sumaku inayoizunguka, na uga huo ulivyokaa juu ya Ulaya sivyo ulivyokaa juu yetu.

Vitu vya kupima kabla ya kutazama kifaa chochote

Cha kwanza ni usahihi, na unapimwa kwa kazi yenyewe. Kwa kimo cha kilomita 500, kosa la digrii 1 huhamisha kitovu cha picha kwa karibu kilomita 9 ardhini. Kosa la digrii 0.1 huhamisha kama mita 870. Antena yenye mwale mpana haitajali hata digrii 10, lakini kamera inayotakiwa kupiga picha ya shamba fulani la chai Kericho itapiga la jirani.

Cha pili ni kasi ya kugeuka. Kivuli cha setilaiti hiyo hukimbia ardhini kilomita 7 kila sekunde. Tanzania nzima, kaskazini hadi kusini, inapitwa kwa chini ya dakika tatu. Mkigundua mnatazama pembeni, muda wa kusahihisha ni mfupi kweli.

Halafu kuna umeme, uzito na nafasi. Kuna kinachochakaa na kinachokwisha. Na kuna obiti mtakayopewa, yaani njia ya kuizunguka Dunia, maana wengi wetu hatuichagui, tunapanda roketi ya wengine. Mwisho ni sensa, yaani vihisi, na programu. Kifaa cha kugeuza hakijui Dunia iko wapi. Kadiri mnavyotaka usahihi, ndivyo mnavyohitaji macho bora: kipima-sumaku na sensa za Jua kwa kuanzia, sensa ya ukingo wa Dunia inayoona joto lake hata usiku, na kamera ya nyota kwa wanaotaka sehemu ndogo za digrii. Sensa za Jua hazioni kitu setilaiti ikiwa kivulini, na hapo kivulini inaweza kukaa hadi dakika 35 hivi katika mzunguko mmoja.

Sumaku ya kudumu

Hii ndiyo sahili kuliko zote: kipande cha sumaku kimefungwa ndani, na pembeni yake fimbo za chuma laini zinazogeuza mbingiriko kuwa joto kidogo kidogo hadi utulie. Haitumii umeme, haina programu, haina kinachozunguka. CSSWE ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyorushwa Septemba 2012 kupima chembe zenye nishati kubwa, ilitumia njia hii na ikaleta data nzuri ya kisayansi, kwa sababu kipimo chake kilihitaji kujua mwelekeo kulinganisha na uga wa sumaku, na hilo ndilo sumaku inalolipa bure.

Lakini inafuata uga, haifuati Dunia. Karibu na ncha ya kaskazini mistari ya uga huzama wima ardhini, kwa hiyo uso mmoja wa setilaiti huelekea chini. Ikishuka kuelekea kusini inapinduka polepole, na ikifika upande wa pili uso uleule unatazama juu. Ikweta ya sumaku inapita kaskazini mwa Nairobi, upande wa Ethiopia, ndiyo maana juu ya Kenya mistari hiyo imelala zaidi kuliko kusimama. Ukienda kusini mwa Tanzania inazidi kuinuka. Mkiweka kamera kwenye ncha ya sumaku kama wanavyoweza kufanya watu wa Norway, itapita juu ya Mombasa ikitazama kando, si ardhini. Mkiiweka ubavuni itaweza kuona ardhi, ila hakuna kinachoizuia setilaiti kujizungusha kwenye mstari wa uga, kwa hiyo ubavu utakaoelekea chini wakati huo ni bahati.

Kwa usahihi, hesabu digrii 10 au zaidi kutoka kwenye mstari wa uga. Kasi ya kugeuka haipo, maana hamuwezi kuiamuru kitu. Haichakai. Inawafaa wanaorusha kwa mara ya kwanza, wenye antena zinazosikika pande zote, na wanaotaka kujifunza mnyororo mzima wa kazi kutoka michoro hadi kituo cha ardhini bila kuzama kwenye programu ya mkao.

Mlingoti wa mvutano

Mwezi hutuonyesha uso mmoja tu kwa sababu mvutano wa Dunia hushika zaidi upande ulio karibu kuliko ulio mbali, na kitu kirefu hatimaye hulazwa kikielekea Dunia. Setilaiti yenye mlingoti mrefu na uzito nchani hufanya vivyo hivyo. Mlingoti wa mita 3 wenye nusu kilo nchani, kwenye setilaiti ya kilo 4, huongeza ukinzani wake wa kugeuzwa zaidi ya mara 90, na nguvu hii ndogo ya mvutano inapata kitu cha kushika. Setilaiti za UoSAT za Surrey, Uingereza, zilitumia njia hii miaka ya 1980.

Usahihi wake ni wa digrii chache, tuseme 5. Bila kitu cha kuitulizia, setilaiti hubembea: ya kilomita 500 hubembea mbele na nyuma kwa kipindi cha dakika 55 hivi, kwa hiyo mtahitaji fimbo za chuma laini au koili ndogo. Umeme ni karibu hakuna. Uzuri wake mkubwa kwetu ni kwamba haijali uga umelalaje; juu ya ikweta inafanya kazi ileile inayofanya nchani.

Ubaya wake ni kwamba mvutano hautofautishi kichwa na miguu. Setilaiti inaweza kujifunga ikiwa imepinduka, kamera ikatazama nyota, na ikatulia hapo kwa raha zake. Hili lilitokea kweli kwa Polar BEAR ya Marekani. Ilitengenezwa kwa kutumia setilaiti ya zamani ya urambazaji iliyokuwa imetundikwa kwenye jumba la makumbusho la anga huko Washington, ikarushwa Novemba 1986. Mwaka uliofuata, baada ya kupita kipindi chake cha kwanza cha kukaa juani mfululizo, mkao ukaharibika na ikaishia kichwa chini. Mafundi waliirudisha kwa kulipunguzia mwendo gurudumu zito lililokuwa ndani yake kisha kulikimbiza tena, wakarudia mpaka ikapinduka na kutua upande sahihi. Kama isingekuwa na gurudumu lile, sijui wangeishika wapi. Ndiyo maana ninasisitiza: mkichagua mlingoti, wekeni pia kitu cha kuipindua.

Chini ya kilomita 400 hewa nyembamba iliyobaki huusukuma mlingoti na kushindana na mvutano, kwa hiyo si chaguo la starehe kwa wanaoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa. Inawafaa wenye obiti ya juu kidogo, kazi ndefu ya kupokea ujumbe mfupi kutoka vipimo vya mvua au mito, na bajeti ndogo ya umeme.

Koili za sumaku

Pitisha umeme kwenye koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, inakuwa sumaku unayoweza kuiwasha, kuizima na kuigeuza. Tatu zikikaa pembe mraba, setilaiti inaweza kusukumana na uga wa Dunia inavyotaka, isipokuwa kwa sharti moja ambalo hakuna programu inayoliondoa: haiwezi kujizungusha kwenye mstari wenyewe wa uga. Kila wakati kuna mhimili mmoja usioshikika.

Kwa kusimamisha mbingiriko koili hazina mpinzani. Programu hupima jinsi uga unavyobadilika kwenye kipima-sumaku na kuwasha koili kupinga mabadiliko hayo. Ndani ya mizunguko michache setilaiti imetulia. Hata timu zenye magurudumu huanza na hili.

Kwa kuitazama Dunia, mambo yanategemea obiti. Kwenye obiti inayopita karibu na ncha, mhimili usioshikika hubadilika njiani, na kile mlichoshindwa kusahihisha juu ya Kenya mnaweza kukisahihisha juu ya Urusi. Wastani wa digrii 5 unafikika kwa programu nzuri. Ila juu yetu uga umeelekea kaskazini na setilaiti nayo inaruka kaskazini au kusini, kwa hiyo mhimili unaoponyoka ni ule wa kuinama kushoto na kulia. Yaani udhaifu unakuja palepale mnapotaka kupiga picha.

Kwenye obiti iliyolala kwenye ikweta ni vigumu zaidi. Uga huko unapita wima kwenye bapa la obiti karibu muda wote, na mhimili huo ndio hasa wa kujigeuza ili kuendelea kuitazama Dunia. Mhimili wa sumaku ya Dunia umeinama kama digrii 10, na mwinamo huo ndio unaowaachia upenyo kidogo. Koili peke yake hazitoshi.

Tuangalie kasi. Chukua setilaiti ya vipande vitatu (kila kipande ni mchemraba wa sentimita 10), kilo 4, na koili ya kawaida ya saizi hiyo. Nguvu yake ya kuzungusha ni kama sehemu 6 za milioni za nyutoni-mita, yaani nyutoni-mita 0.000006. Kugeuka digrii 90, hata uga ungekaa vizuri kabisa, kungechukua zaidi ya dakika tatu, na wakati huo setilaiti imeshakimbia umbali kama wa Mtwara hadi karibu na Moyale. Uga haukai vizuri kabisa, kwa hiyo panga kwa mizunguko, usipange kwa dakika.

Umeme ni sehemu ya wati, hakuna kinachochakaa, na bei inahimilika. Wengine huzichora koili ndani ya bodi za paneli za Jua. Angalizo moja la fundi: zimeni koili mnapopima uga, la sivyo kipima-sumaku kitazisoma koili zenu na kuziita Dunia. Zinawafaa wenye antena ya wastani, kamera ya eneo pana, na subira.

Magurudumu ya ndani

Keti kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, shika gurudumu la baiskeli linalozunguka, livunje mwendo ghafla: kiti kinageuka nawe. Gurudumu zito linaloendeshwa na mota ndani ya setilaiti hufanya hivyo hivyo. Likiongeza kasi upande mmoja, mwili wa setilaiti unageuka upande wa pili. Matatu yanatosha kwa mihimili yote. La nne huwekwa kimshazari kama akiba.

Hapa kasi ni ya ulimwengu mwingine. Setilaiti ileile ya kilo 4, kwa gurudumu dogo la nyutoni-mita 0.001, hugeuka digrii 90 na kusimama kwa sekunde 16 hivi. Usahihi unafika sehemu ya kumi ya digrii na chini zaidi, mradi kuna kamera ya nyota ya kuonyesha njia. Gurudumu zuri lenye sensa mbovu linakosea haraka tu. Na halijali uga wala ikweta.

Gharama yake ina sura nyingi. Kuna bei yenyewe, kuna umeme unaoliwa mfululizo, kuna mtetemo unaoweza kufifisha picha. Kuna pia kujaa: upepo mwembamba na msukumo wa mwanga wa Jua huisukuma setilaiti siku nzima upande uleule, gurudumu linazidi kukimbia ili kupinga, mpaka linafika mwisho wa kasi yake na halina tena cha kutoa. Lazima kitu cha nje kilipunguze mwendo. Karibu na Dunia, kitu hicho ni koili. Kwa hiyo anayenunua magurudumu ananunua na koili.

Na yanakufa. Darubini ya Kepler ilirushwa Machi 2009 ikiwa na manne, ikihitaji matatu. La kwanza likaharibika Julai 2012, la pili Mei 2013, na kazi yake ya awali ikaishia hapo. Wahandisi wakaipanga upya ili msukumo wa mwanga wa Jua usaidiane na magurudumu mawili yaliyobaki, na kuanzia 2014 ikafanya kazi nyingine mpaka mafuta yalipoisha Oktoba 2018. Ninawaheshimu sana kwa hilo. Timu ndogo ijiulize mapema: gurudumu moja likigoma, setilaiti yetu bado itaweza kufanya nini? Andikeni hali hiyo kwenye programu kabla ya kurusha.

Yanawafaa wenye kamera ya kulenga, wenye antena yenye mwale mwembamba, na wote wanaopaswa kutazama mahali pawili tofauti ndani ya pito moja. Vyombo vikubwa vina binamu yake, gurudumu lisilobadilisha kasi bali linaloinamishwa; Kituo cha Kimataifa cha Anga kina manne ya namna hiyo. Kwa setilaiti ya mkononi bado ni mzigo.

Injini ndogo za gesi

Hizi hutema gesi kupitia matundu madogo na kukizungusha chombo moja kwa moja. Hazihitaji uga, hazijai, zina nguvu kuliko zote. Kila mtemo lakini umetoka akibani, na akiba ikiisha, imeisha. Usahihi wake hutegemea udogo wa mtemo. Chombo huyumba kati ya kingo mbili mlizoziweka, na kila mkibana kingo hizo mnachoma gesi zaidi.

Mbali na Dunia mara nyingi hakuna ujanja mwingine wa kumwaga mwendo uliojaa kwenye magurudumu. MarCO, vyombo viwili vidogo vya NASA vilivyosindikiza chombo cha InSight hadi sayari ya Mars na kurusha habari za kutua kwake tarehe 26 Novemba 2018, vilibeba gesi ya aina inayotumika kwenye vizima-moto kwa ajili ya mkao na njia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Voyager 2, ambayo inaelekeza antena yake kwa injini ndogo za mafuta ya haidrazini tangu 1977. Tarehe 21 Julai 2023 amri iliyokosewa iligeuza antena hiyo digrii 2 tu kando ya Dunia. Kwa umbali wa kilomita bilioni 19.9, digrii 2 zilitosha kukata mawasiliano. Kituo cha mawasiliano cha Canberra, Australia, kikapeleka amri ya kuigeuza kwa nguvu kubwa, ikasafiri saa 18.5, na ilibidi kusubiri saa 37 kwa jumla kujua kama imesikika. Tarehe 4 Agosti data zikarudi. Hata isingesikika, chombo kilikuwa na ratiba ya kujielekeza upya chenyewe tarehe 15 Oktoba. Ratiba ya namna hiyo iwekeni hata kwenye setilaiti ya kilo moja. Haigharimu uzito wowote.

Kwa timu inayopitia Kituo cha Kimataifa, tangi lenye shinikizo huleta masharti mengi ya usalama kwa sababu ya wanaanga waliomo. Zinawafaa wanaokwenda mbali, au wanaohitaji pia kubadilisha obiti, hivyo tangi wanalo tayari.

Kuchanganya

Mwambao wetu una ushahidi wa kale wa kuchanganya. Uhuru, setilaiti ya Marekani ya kutafuta mionzi ya eksirei, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na ndiyo maana ikapewa jina hilo. Obiti yake ilikuwa digrii 3 tu kutoka ikweta. Ndani yake mlikuwa na gurudumu moja la kuipa uthabiti na koili za kuugeuza mhimili wake kwa amri kutoka ardhini, huku ikijizungusha taratibu, mara moja kwa dakika 12 hivi. Ilikuwa ikifagia anga badala ya kuitazama Dunia, lakini mpango wa gurudumu moja na koili bado unafaa kufikiriwa na yeyote asiyemudu magurudumu matatu.

Kwa hali yenu

Kama ni setilaiti ya kwanza ya chuo, ya kipande kimoja, ikiachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa kwa ajili ya kupima na kutuma ishara, sumaku ya kudumu inatosha. Mkiwa na mwanafunzi mmoja mwenye hamu ya programu, ongezeni kipima-sumaku na koili ili afanye jaribio la kusimamisha mbingiriko.

Kama mnakusanya ujumbe kutoka vipimo vya shambani kwa miaka kadhaa, obiti ikiwa kilomita 500 au zaidi, linganisheni mlingoti na koili kwa swali moja: obiti inapita ncha au imelala? Ikipita ncha, koili. Ikilala, mlingoti na koili ndogo ya kuutuliza.

Kama mnataka picha za mashamba au miji ya ukanda huu, koili zitawaangusha palepale juu ya nyumbani. Panga magurudumu matatu, koili za kuyapunguzia mwendo, na kamera ya nyota. Fedha zisipotosha kamera ya nyota, shusheni ahadi ya picha kabla ya kushusha ubora wa magurudumu.

Kama fedha zinatosha gurudumu moja tu, likae kwenye mhimili ulio wima kwa bapa la obiti, likimbie mfululizo, na koili zishike mihimili miwili iliyobaki. Kwenye obiti ya ikweta mpango huu una tatizo la kulipunguzia mwendo gurudumu lenyewe, kwa sababu uga umelala kwenye mhimili huohuo. Fanyeni hesabu ya kujaa kwake kwa mwinamo halisi wa uga, kwa mwezi mzima wa obiti, kabla ya kulipa.

Na kama mnakwenda Mwezini au mbali zaidi, magurudumu na gesi, na ile ratiba ya kujielekeza upya.